Miaka 150 ya White Fathers Tanzania (2028): tunahesabia wapi, Bagamoyo, Ujiji au Bukumbi?

#1 Mtunza Kumbukumbu
Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo.

2028 iko mlangoni. Wamisionari wa Afrika, hawa tuliowazoea kwa jina la White Fathers, watatimiza miaka 150 tangu msafara wao wa kwanza ukanyage pwani yetu. Kwenye makundi watu wameshaanza "tukutane Bagamoyo". Mimi napinga. Bagamoyo ni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu. Padri Horner alivuka kutoka Zanzibar akaanzisha misheni pale mwaka 1868, na jubilei yake tulishaila 2018. White Fathers pale walipita kama abiria anayebadilisha basi: wakaajiri wapagazi, wakaenda zao bara.

Sasa wataalamu mseme. Kipi kinachotimiza miaka 150, na kinatimizia wapi?

#2 Mlei Tu
Milele amina. Mbona White Fathers walishafanya miaka 150? Nakumbuka kabisa 2018/2019 kulikuwa na nembo na sala maalumu. Wanasherehekea mara ngapi hawa?

#3 Kirangozi
#2 unachanganya vitu viwili, na si wewe peke yako. Shirika lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, ambaye baadaye alikuwa Kardinali. Jubilei ya 2018/2019 ilikuwa ya kuzaliwa kwa shirika, dunia nzima. Mwaka huohuo wa 1868 ndio Bagamoyo ilianzishwa na shirika jingine kabisa, ndiyo maana 2018 jubilei mbili ziligongana na mabango yakachanganywa. 2028 ni habari ya kuingia Tanzania, basi.

Mtiririko ni huu. Tarehe 24 Februari 1878 Papa Leo XIII anamkabidhi Lavigerie misheni za Maziwa Makuu. Mwisho wa Mei wamisionari kumi wako Zanzibar, Padri Charmetant akiwa ameshatangulia kutafuta wapagazi na bidhaa. Katikati ya Juni wanaondoka Bagamoyo. Agosti, Padri Pascal anafariki njiani, huko kwenye pori la Ugogo. Baada ya karibu miezi mitatu wako Tabora, wanagawanyika: kundi la Nyanza chini ya Livinhac, kundi la Tanganyika chini ya Deniaud aliyechukua nafasi ya Pascal. Januari 1879 kundi la pili liko Ujiji. Kundi la kwanza lilifika Kageye, kusini mwa ziwa, mwisho wa Desemba 1878, na tarehe 17 Februari 1879 Padri Lourdel na Bruda Amans wakatia mguu Uganda.

Kwa hiyo ukisema "1878" bila kutaja mahali, hujasema kitu.

#4 Bukumbi1883
Nakazia #3, ila naongeza kipimo. Kituo kinachohesabika ni kile kilichodumu. Kageye walipiga kambi. Ujiji walikaa chini ya kivuli cha wafanyabiashara na liwali Mwinyi Kheri, hakikusimama kituo cha kueleweka. Kipalapala ya kwanza pale Tabora haikudumu. Bukumbi ilianza 1883, baada ya mapadri kuondoka Uganda Novemba 1882, na iko hadi leo. Kwa hesabu hiyo jubilei ya kweli ni 2033, na ni Mwanza. Nauli mnayo?

#5 Mwana wa Karema
Wasukuma mmeanza. Bukumbi ilikuwa kimbilio la waliotoka Uganda, wakisubiri kurudi. Julai 1885 Lourdel alikuwa ameshavuka tena. Karema ndiko wamisionari walikopewa ngome nzima. Kapteni Cambier aliijenga 1879 kwa niaba ya jumuiya ya mfalme wa Wabelgiji. Mipaka ilipogawanywa, mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa White Fathers. Mwaka 1889 akaja Adrian Atiman, mtoto wa upande wa Timbuktu aliyeuzwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa utabibu Malta. Alitibu watu Karema hadi alipofariki 1956. Nionyesheni kituo kingine chenye mtu wa namna hiyo.

#6 Bukumbi1883
#5 Atiman tunamheshimu. Ila 1885 bado ni baada ya 1883. Hesabu haina undugu.

#7 Mama wa Moba
Jambo kwenu ndugu za ng'ambo ya ziwa. Mkitaja Karema mkumbuke na Mpala. Zilipokewa mwaka uleule wa 1885, na kabla ya hapo, 1880, walikuwa wameshafungua Mulweba upande wetu wa Kongo. Kapteni Joubert, yule askari Mfaransa aliyelinda misheni, naye aliishi na kufia kwetu, 1927. Wale mapadri waliita yote "Tanganyika". Ziwa kwao lilikuwa barabara, halikuwa mpaka. Mkifanya jubilei ya nchi moja mtakata hadithi katikati.

#8 Kirangozi
Mama wa Moba ametoa hoja nzito kuliko sisi wote. Hata damu ya kwanza ilimwagika upande mwingine: Rumonge, Burundi, tarehe 4 Mei 1881, waliuawa mapadri Deniaud na Augier na msaidizi wao mlei D'Hoop. Deniaud ndiye aliyeongoza kundi la Ujiji. Ukisimulia Ujiji bila Rumonge unamwacha mtu njiani.

#9 Mlei Tu
Asante #3, nimeelewa. Swali la pembeni: huo msafara ulikuwaje kivitendo? Watu kumi tu, wapagazi wa nini wote hao?

#10 Kirangozi
#9 Swali zuri, na ndipo penye makosa ya maigizo ya jubilei. Utaona vijana watatu na sanduku moja, padri mbele na msalaba.

Bara hakukuwa na sarafu inayotumika kila mahali, kwa hiyo fedha yako ni mzigo. Unabeba merikani, yaani ile pamba nyeupe, na kaniki ya buluu iliyoiva. Shanga za rangi zinazotakiwa mwaka huo. Na waya wa shaba. Mpagazi mmoja hubeba kama frasila mbili, kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, sufuria na chakula. Kitambaa kinapimwa kwa mkono: shuka ni mikono minne, doti ni mikono minane. Posho ya wapagazi inatoka humohumo, na hongo, yaani ushuru wa kupita, ya kila mtemi unayepita kwake inatoka humohumo. Kila siku mnayokaa mahali pamoja mnakula mtaji.

Wapi paliharibikia? Ugogo. Maji ni machache, visima viko mikononi mwa wenyeji, na hongo hailipwi mara moja kwa nchi nzima, inalipwa kwa kila mtemi. Mgeni asiyejua bei anatoa zaidi ya kilichotakiwa, habari inamtangulia, na wa mbele anapandisha. Rangi ya shanga ukikosea, mzigo mzima unakuwa changarawe. Halafu wapagazi wanatoroka. Wengi walidai sehemu ya ujira kabla ya kuondoka, na njia ya Bagamoyo waliijua kuliko mabwana zao. Mmoja akitoroka, mzigo wake hauna wa kuubeba. Unaajiri mwingine kwa bei ya porini au unautupa.

Kwa hiyo kwenye igizo muwaweke wapagazi wengi, askari wenye bunduki, na kirangozi mbele na bendera. Mapadri wawe wachache na waonekane wagonjwa.

#11 Mnyamwezi wa Ipuli
#10 umesahau kutaja kwamba wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Ndio waliobeba hiyo Injili kilo 32 kila mtu. Kwenye vitabu vya jubilei utakuta majina kumi ya Wafaransa na neno moja "wapagazi". Jubilei ikija Tabora tunataka mnara wa mpagazi, sanamu za maaskofu zipo za kutosha.

#12 Kirangozi
Haki yako mkuu. Sina cha kupinga.

#13 Mtunza Kumbukumbu
Naomba tuguse jambo jingine. Kwa nini Uganda ililipuka na Unyanyembe, yaani upande wa Tabora, ikalala? Lourdel alifika Februari 1879, ubatizo wa kwanza ulikuwa 27 Machi 1880, na miaka sita baadaye wana mashahidi waliouawa kwa imani. Tabora wamefika mapema zaidi, hawana cha kuonyesha.

#14 Mnyamwezi wa Ipuli
Siasa. Tabora mapadri waliingia katikati ya ugomvi wa Mirambo na Unyanyembe, wafanyabiashara wa pwani wakiwa na nguvu zao. Mirambo alifariki 1884, Isike akabaki anawabana. Nani abatizwe hapo? Mtu wa mtemi hawezi, na mtu wa msafara kesho yuko Ujiji.

#15 Kigungu
Nipo Entebbe, nasoma tu, lakini hapa niseme. Siasa Buganda ilikuwepo tena ya kutisha. Tofauti ni ikulu. Vijana wa Kabaka walikuwa wamekusanyika mahali pamoja, wameshazoea kujifunza: Uislamu kwanza, kisha Waanglikana wa shirika la CMS waliofika 1877, kisha Mapera wetu, jina walilompa Lourdel. Mwalimu mmoja anafikia vijana wa koo nyingi bila kutembea. Unyanyembe hakukuwa na kitu kama hicho.

#16 Katekista Mstaafu
Nyote mnaruka kanuni ya Lavigerie mwenyewe. Aliagiza ukatekumeni, yaani mafundisho kabla ya ubatizo, wa miaka minne: miwili ya maandalizi ya awali, mtu anapewa medali shingoni, kisha miwili ya ukatekumeni kamili ndipo maji. Kituo kinachofungwa baada ya miaka mitano au sita kinabatiza watu wangapi wazima kwa kanuni hiyo? Wachache sana. Si uvivu wa Tabora, ni saa tu.

#17 Kigungu
#16 lakini wale wanne wa ubatizo wa kwanza wa 1880 walibatizwa mwaka mmoja tu baada ya mapadri kufika. Kanuni ilikuwa wapi?

#18 Katekista Mstaafu
Ndiyo sababu Lavigerie alikaza. Aliona haraka ile haimpendezi. Kanuni na utekelezaji havikwenda sambamba kila mahali, na ndani ya dhuluma walibatiza kwa hatari ya kifo.

#19 Mwana wa Karema
Mnasahau watoto. Upande wa Tanganyika mkakati wa mwanzo ulikuwa kuwakomboa watoto utumwani, kuwalea na kujenga vijiji vya Kikristo. Kinakuwa kijiji cha watu wasio na ukoo katika nchi hiyo. Jirani anawaona ni watu wa padri, hajioni yumo. Ukuaji unabaki ndani ya ukuta. Lilipofunguliwa dirisha la kwenda kwa watemi na vijiji vya kawaida ndipo mambo yakasogea.

#20 Mnyamwezi wa Ipuli
#19 hiyo ni Karema, Tabora ni siasa. Sibadiliki.

#21 Mlei Tu
Uzi umekuwa Simba na Yanga 😂

#22 Mtunza Kumbukumbu
Haya, turudi kazini. Kuna parokia zinataka kuandika vijitabu vya historia kabla ya 2028. Wanaanzia wapi? Najua wengi hunakili kijitabu cha jubilei iliyopita pamoja na makosa yake.

#23 Katekista Mstaafu
Anzeni na diari. Kila kituo cha White Fathers kililazimika kuandika diari ya kila siku, na nakala zilitumwa makao makuu. Nyingi ziko kwenye hifadhi yao Roma, Via Aurelia. Ni za Kifaransa, mtafute msomaji. Humo utapata mvua, nzige, nani kafariki, ng'ombe wangapi, mtemi kasema nini. Msitegemee "wazee wanasema" peke yake kwa tarehe. Kwa majina ya watu na mahali wazee ni bora kuliko diari, maana Mfaransa aliandika jina alivyolisikia. Kageye utaikuta kwa tahajia tatu au nne.

Pili ni kitabu cha ubatizo, kile ambacho namba yake inaandikwa LB kwenye cheti chako. Kinaandikwa kwa Kilatini. Kila mstari una namba, tarehe, jina, wazazi, msimamizi na aliyebatiza, na pembeni panaongezwa kipaimara na ndoa. Mitego ni hii:

Ubatizo wa hatari ya kifo, "in periculo mortis", umo humohumo. Mwaka wa ndui au njaa idadi inaruka, kijitabu kinaandika "imani ilishamiri", kumbe walikuwa watoto wanaokufa. Watengeni kabla ya kujumlisha.

Vitabu vya zamani vilinakiliwa upya vilipochakaa. Ukiona mwandiko mmoja na wino mmoja kwa miaka kumi, hicho ni nakala. Linganisha na diari.

Mtu aliyebatizwa kituo mama kabla parokia yako haijazaliwa hayumo kwako. "Mkristo wa kwanza wa parokia" mara nyingi namba yake iko parokia nyingine.

Na msipige picha kurasa mkazirusha WhatsApp. Kuna mambo ya ndoa na ya uzazi mle.

#24 Bukumbi1883
#23 hii ya ndui na ubatizo ibandikwe juu ya uzi. Kuna grafu za jubilei zinapanda kama mlima na hakuna aliyeuliza.

#25 Sakristia
Nimesoma kimya kimya, sasa niwape habari mbaya ya kalenda. Mnaotaka kilele katikati ya Juni 2028: Pasaka mwaka huo ni 16 Aprili, kwa hiyo Jumapili ya tarehe 18 Juni ni Sherehe ya Ekaristi Takatifu. Misa ya shukrani ya jubilei haiwezi kuiondoa sherehe. Mtasali Misa ya Ekaristi na jubilei itaingia kwenye maneno ya kufungua Misa, mahubiri na maombi. Mkitaka Misa yenu yenyewe, chukueni Jumamosi tarehe 17 asubuhi. Masifu ya jioni ya siku hiyo tayari ni ya sherehe.

Na ndugu yetu Kigungu: 17 Februari 2029 ni Jumamosi baada ya Jumatano ya Majivu. Miaka 150 ya Uganda inaangukia Kwaresima. Aleluya haitaimbwa, na wimbo wa Utukufu utategemea askofu ataruhusu Misa ipi.

#26 Kigungu
Katonda wange. Basi tutasogeza.

#27 Sakristia
Kingine kinachoharibikaga ni komunyo. Mgawaji mmoja anahudumia watu kumi hadi kumi na wawili kwa dakika wakija kwa mstari mmoja. Waumini 15,000 mkitaka mmalize kwa dakika 25 mnahitaji wagawaji 50 hadi 60, kila mmoja na siborio (chombo cha hostia) ya hostia 300 na mtu wa mwavuli wa kuonyesha alipo. Wakiwa 20 tu, kwaya itaimba nyimbo zote na itaishiwa.

Siborio 60 haziingii altareni. Wekeni meza ya pili kando, kitambaa cheupe na korporale, na celebranti mkuu ajulishwe kwamba nia yake inazihusu na hizo. Kosa baya kuliko yote ni siborio kubaki sakristia, halafu mtu akaikimbilia wakati wa komunyo akidhani hostia zake zimeshawekwa wakfu. Dawa: mtu mmoja mwenye karatasi, anahesabu siborio wakati wa matoleo, anafungua vifuniko vyote, anahesabu tena kabla ya Utangulizi wa Sala ya Ekaristi. Zisipotimia, asimamishe. Kwaya iongeze beti, hakuna atakayelalamika.

#28 Mlei Tu
Na rehema kamili je, ile ya kufutiwa adhabu za dhambi? 2018 watu walidhani ukifika Bagamoyo tu umemaliza.

#29 Sakristia
Askofu anaomba mapema kwa Idara ya Toba ya Kitume, akitaja mahali na tarehe. Ikikubaliwa, masharti ni yaleyale: kitubio, komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usioshikamana na dhambi yoyote. Kwa hiyo mapadri wa kuungamisha wapangwe siku moja au mbili kabla, kwenye parokia walikotoka mahujaji. Foleni ya kitubio uwanjani saa moja asubuhi haiishi.

#30 Mama Kanda ya Ziwa
Wanaume mmeongea historia mpaka mmechoka, vitenge hamjagusa. WAWATA, wanawake Wakatoliki, ndio watakaoulizwa. Mchoro usiweke uso wa mtu katikati ya kitambaa: fundi akikata, Kardinali Lavigerie anakaliwa au anagawanywa na mshono wa kwapa. Picha ziende pembeni, katikati liwe pambo linalojirudia. Maandishi yasiwe na tarehe ya siku, yawe na mwaka tu, maana sherehe zikisogezwa jora zima linabaki stoo. Omba kipande cha majaribio, kifue mara tatu kwa sabuni ya mche, ndipo ulipe. Bluu ya jubilei ina tabia ya kuhamia kwenye shati la mume.

Sasa niambieni mwaka. Niandike 1878 au 1883?

#31 Bukumbi1883
1883 mama.

#32 Mwana wa Karema
1885!

#33 Mtunza Kumbukumbu
Mama andika 1878 hadi 2028, mahali uache. Mwaka wa kuingia nchini haubishaniwi hapa, tunabishania kiwanja.

#34 Mnyamwezi wa Ipuli
Kiwanja ni Tabora. Makundi yote mawili yalikuwa pamoja mara ya mwisho pale, ndipo yakaachana. Karema, Bukumbi, Ujiji, Uganda, Kongo, wote asili yao ni ile njia panda. Na Kipalapala ina seminari tangu 1925, vitanda vipo.

#35 Mama wa Moba
Tabora sisi tunaweza kufika, tukivuka Kigoma tunapanda gari moshi. Bagamoyo ni mbali mno.

#36 Bukumbi1883
Njia panda si kituo. Ila hoja ya treni nimeisikia.

#37 Mwana wa Karema
Kutoka Karema hadi Tabora ni barabara ya Mpanda, na huko kwingine kuna vumbi. Juni ni kiangazi, inapitika. Bado nasema ngome ni Karema, lakini nitakuja na basi moja.

#38 Mama Kanda ya Ziwa
Basi moja ni vitenge vingapi? Tumeni idadi kwa kigango, wakubwa na watoto tofauti. Atakayetuma "tutajulishana" simwandiki.